Mkoba wa Dharura: Dawa za Maumivu na Vifaa vya Kuokolea

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu, Kwapa)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, nalo ni mkoba. Si mkoba wa safari wala wa sokoni, bali ule mkoba mdogo ambao mtu huuweka nyumbani, dukani, au chini ya kiti cha pikipiki, ili siku ya dharura asihangaike. Wengi wetu tunao mkoba wa namna hiyo, au kopo, au mfuko uliotundikwa msumarini. Lakini ukiufungua, aghalabu wakuta nini? Tembe sita zisizo na jina, chupa ya dawa ya kikohozi ya mwaka juzi, wembe wenye kutu, na pamba iliyogeuka rangi. Huo si mkoba wa dharura, ndugu zangu. Hayo ni makaburi ya dawa.

Sisi wa Kwapa twakaa ubavuni mwa njia kuu. Malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba hupita Malaba na Busia usiku na mchana. Vijana wetu hubeba abiria kwa boda boda katikati ya malori hayo. Jamaa zetu wengine huvua samaki Majanji na Sio Port. Hospitali zipo Tororo na zipo Busia, lakini kati ya ajali na mlango wa hospitali ipo saa moja, au zaidi ikiwa mvua imenyesha. Katika saa ile hayupo daktari. Yupo jirani, yupo mpita njia, yupo mke na mtoto. Basi mkoba ni wa saa ile moja tu. Haukuwekwa ili uwe hospitali ndogo, wala mkoba si hirizi kwamba kuwa nao tu kwatosha.

Kwa hiyo, kila kitu kabla hakijaingia mkobani, yapasa kiulizwe maswali matatu: Kitafanya kazi gani? Kitamdhuru nani? Na nani kati yetu ajua kukitumia? Kisichoweza kujibu maswali hayo na kikae nje, hata kama ni cha thamani.

Waislamu wa zamani waliijua kanuni hii. Tabibu Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu, na katika sehemu yake ya upasuaji akachora vifaa vipatavyo 200, akaeleza kila kimoja na kazi yake. Kifaa na maarifa yake vilikwenda pamoja.

DAWA ZA KUTULIZA MAUMIVU

Nianze na dawa, maana hapo ndipo tunapokosea zaidi. Katika maduka yetu dawa za maumivu zina majina mengi na rangi nyingi, lakini zilizo ndani ni chache. Msitazame jina kubwa lililoandikwa kwa rangi. Tazameni maandishi madogo yasemayo kilichomo.

Ya kwanza ni parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol. Hii ndiyo iwe msingi wa mkoba. Haisumbui tumbo kama nyingine, haiongezi kutoka damu, na mama mja mzito aweza kuitumia. Mtu mzima humeza tembe moja au mbili za miligramu 500, kisha angoje saa nne hadi sita kabla ya kurudia. Kwa siku nzima asipite tembe nane. Na mtu aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini hapaswi kufikia hata nane. Upole wa dawa hii usiwadanganye. Ikizidi huharibu ini, na dalili zaweza kungoja siku moja au mbili, mtu akidhani amesalimika. Tena yumo parasetamoli ndani ya dawa nyingi za mafua. Mtu ameza tembe mbili za kichwa, kisha ameza mbili za mafua, naye hajui ya kuwa amekula dawa ile ile mara mbili.

Kwa mtoto, kipimo hutokana na uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, wala isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 apewe miligramu 100 hadi 150. Dawa ya maji ipimwe kwa kikombe chake au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai, kwa kuwa vijiko vya nyumba mbili havilingani.

Ya pili ni ibuprofeni. Hii ina nguvu katika maumivu ya jino, ya viungo, ya mgongo, na ya kina mama katika siku zao. Mtu mzima humeza miligramu 200 hadi 400, mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Na asiyeandikiwa na daktari asipite miligramu 1,200 kwa siku. Lakini haiwafai wengi: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu inayochochewa na dawa za namna hii, mama mja mzito, hasa mimba ikiisha kupita nusu, na mtu aliyeishiwa maji mwilini kwa kuharisha au kutapika. Basi iwemo mkobani, lakini nje ya pakiti yake paandikwe kwa kalamu majina ya watu wa nyumba ile wasioruhusiwa kuigusa.

Ya tatu ni aspirini, kongwe kuliko zote mbili. Kiwanda cha Bayer cha Ujerumani kiliipa jina hilo mwaka 1899. Wazee waliizoea kwa kila kichwa kilichouma. Siku hizi nasema iwemo kwa kazi moja tu. Mtu mzima akibanwa na kifua ghafula, maumivu yakashuka mkononi au yakapanda tayani, jasho baridi likamtoka, basi kama hana mzio wa aspirini wala ugonjwa wa kutoka damu, atafune miligramu 300 huku akipelekwa hospitali upesi. Ikiwa ni zile tembe ndogo za miligramu 75, atafune nne. Lakini aliyepooza upande mmoja au kupinda mdomo ghafula asipewe, kwa sababu huenda ni damu inayovuja kichwani. Na mtoto asipewe aspirini kabisa, wala kijana aliye chini ya miaka 16, kwa kuwa yaweza kumletea maradhi mabaya ya ini na ubongo.

Ziko na dawa kali zaidi, kama tramadoli na zile zenye kodeini. Hizi zisiingie katika mkoba wa mtu binafsi bila cheti cha daktari. Hulewesha, huzoewa, hupunguza pumzi, na zimewaharibu vijana wengi katika miji yetu ya barabarani. Tena sisi twavuka mpaka kila siku. Dawa yenye kutawaliwa na sheria, ukikutwa nayo bila cheti, haitakuwa tena dawa ya maumivu bali chanzo cha maumivu mengine. Kadhalika sindano za diklofenaki, ambazo watu huchomana vyumbani: sindano si ya mkoba.

MAUMIVU NI MJUMBE

Sasa nifike penye kiini cha maneno yangu. Maumivu ni mjumbe. Hupiga hodi kutuambia kuwa ndani mna jambo. Dawa ya kutuliza humnyamazisha mjumbe, lakini haisomi barua aliyoileta.

Hapa kwetu barua hiyo mara nyingi ni malaria. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka mmoja. Kupulizia dawa majumbani, kulikoanza mwishoni mwa mwaka 2014, kulipunguza sana balaa hilo, lakini halikuondoka. Basi mtoto mwenye homa akipewa parasetamoli, joto hushuka, hucheka, huomba uji, na mama hurudi shambani. Usiku homa yarudi na degedege. Dawa haikukosa, kosa ni kudhani kwamba joto likishuka ugonjwa umekwisha. Mpe mtoto dawa, naam, kisha siku ile ile mpeleke akapimwe damu.

Tena zipo hali tatu ambazo mjumbe asinyamazishwe ovyo. Mtu aliyeanguka akaumia kichwa asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa huzidisha kuvuja kwa damu. Na akiwa amepotewa na fahamu au asinzia ovyo, asipewe kitu chochote kinywani, hata maji. Mtu mwenye tumbo gumu linalouma kwa nguvu apelekwe kwanza kwa daktari. Na aliyeumwa na nyoka, awe kifutu au swila, asipewe aspirini wala ibuprofeni, maana sumu nyingine huzuia damu kuganda na dawa hizo zitaongeza msiba. Akiwa ameza vizuri aweza kupewa parasetamoli. Asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukaza, wala asiwekewe jiwe jeusi. Avuliwe pete na bangili kabla uvimbe haujazidi, mguu au mkono utulizwe kwa kibao kama uliovunjika, naye abebwe, asitembee.

Nami siwezi kusema nanyi bila kutaja Ramadhani. Mtu afungaye, kichwa kikamwuma alasiri, hujitia nguvu hadi Magharibi, kisha kabla ya chakula hutupa ibuprofeni mbili katika tumbo tupu lililokauka. Hilo lina madhara kwa tumbo na kwa figo. Kunywa maji, futuru, kisha ndipo umeze dawa. Na kwa wengi parasetamoli baada ya futari yatosha. Ama mwenye ugonjwa wa kweli, ruhusa yake aijua. Na aliye na shaka amwulize daktari na sheikh wake kabla ya mwezi kuandama, asingoje mpaka azimie.

VIFAA VYA KUOKOLEA

Katika vifaa, watu hupenda vikubwa. Kijana hununua kisu kirefu chenye meno, akajiona mwokozi. Kisu hicho kitamkata majeruhi, na huko njiani polisi atakiona kuwa ni silaha. Mimi nataka vitu vidogo ambavyo mkono wenye kutetemeka waweza kuvitumia.

Kwanza ni glavu, jozi mbili au zaidi, kwa sababu mwokozi asiyejikinga damu huongeza mgonjwa wa pili. Pili, shashi safi, bendeji pana, na pini. Damu ikitoka, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuinua kila mara kuchungulia. Majeraha mengi hutii hapo hapo. Mabibi wamo katika baraka hii kuliko mabwana, kwa kuwa kanga safi ni bendeji, ni shuka la kufunikia, ni kamba ya kutundikia mkono uliovunjika. Na kilemba cha bwana kisionewe haya kufanya kazi hiyo hiyo.

Tatu, mkanda wa kuzuia damu, kwa jeraha la mkono au mguu ambalo damu yake yaruka na haisikii kubonyezwa. Hufungwa juu ya jeraha, upana wa vidole vitatu au vinne kutoka hapo, si juu ya goti wala kiwiko, nao hukazwa mpaka damu ikome. Uwe mpana, kamba ya katani au waya hukata nyama. Andika saa uliyoufunga, penye paji la uso la majeruhi ikibidi, wala usiulegeze mpaka afike kwa daktari, na afike upesi, kabla ya saa mbili kupita. Utamwuma sana. Maumivu yake si dalili ya kosa, bali ni bei ya uhai. Lakini kifaa hiki kisinunuliwe na mtu asiyefundishwa.

Nne, mkasi imara wenye ncha butu, wa kukatia nguo na mkanda wa kiti bila kutoboa ngozi. Tano, kwa wenye magari, nyundo ndogo ya kuvunjia kioo. Ipigwe pembeni mwa dirisha la ubavuni, karibu na kona, si katikati. Wala msijisumbue na kioo kikubwa cha mbele, maana kimegandishwa tabaka kwa tabaka, hupasuka bila kufunguka. Nyundo hiyo iwekwe mahali mkono wa dereva waifikia akiwa amefungwa mkanda. Iliyofungiwa nyuma ya gari ni mapambo.

Sita, tochi na filimbi. Ajali nyingi za barabara hii hutokea gizani, na mtu aliyetumbukia korongoni sauti yake hukauka kabla ya pumzi yake. Filimbi haikauki. Saba, sabuni na maji safi kwa vidonda, na pakiti mbili za chumvi na sukari za kuzuia kuishiwa maji, kila moja kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Mwisho, karatasi yenye majina ya jamaa wa kupigiwa simu, dawa zinazowadhuru, na nambari 999 na 112, ambazo hutumika Uganda na Kenya pia.

Mtu aliyeungua hahitaji kitu cha mkobani mwanzoni. Ahitaji maji safi yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno, samli, majivu na unga vyote ni dhuluma juu ya dhuluma. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, naye apewe parasetamoli.

KIFAA BILA MAARIFA

Nitoe mfano kutoka ziwa letu hili la Victoria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikabaki ikielea tumbo juu. Ndani yake walikuwamo watu walio hai, wakipumua hewa iliyonaswa, nao waliokuwa juu waliwasikia wakigonga. Watu wenye nia njema wakaleta vifaa, wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa lile tundu, meli ikazama. Kifaa kilikuwapo, huruma ilikuwapo, lakini elimu ya kujua kilichoishikilia meli juu ya maji haikuwapo. Mwaka 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba, fundi mmoja wa mitambo alitolewa ndani yake akiwa hai baada ya siku mbili. Wapiga mbizi walimfikia humo alimokuwa.

Tena ipo ajali ambayo mkoba wote hauifai kitu, nayo yatuhusu sisi kuliko watu wengine, kwa kuwa malori ya mafuta hupita milangoni petu. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya watu 100. Tarehe 10 Agosti 2019, Morogoro nchini Tanzania, yakawa yale yale, wakafa watu wapatao 100. Hapo kifaa bora cha kuokolea ni miguu. Kimbia, wakimbize na watoto, zuia wanaokuja, wala pasiwashwe kitu. Ndoo ile ya mafuta haina faida hata kwa aliyeifikisha nyumbani.

KUUTUNZA MKOBA

Wahenga walisema akiba haiozi. Dawa huoza. Joto, jua na unyevu huziharibu, kwa hiyo mkoba usikae juu ya dirisha, wala mbele ya gari penye jua, wala jikoni karibu na moto. Tembe zibaki katika karatasi zake za kiwandani zenye jina na tarehe. Aspirini ikianza kunuka siki, imeharibika, itupwe. Nunueni katika duka la dawa lililosajiliwa, si kwa mchuuzi wa sokoni apimaye tembe kama njugu. Mkoba uwe mbali na mkono wa mtoto, lakini kila mtu mzima wa nyumba ajue ulipo, hata gizani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie kwa maombi mawili. La kwanza, kila msikiti wetu uwe na mkoba mmoja, na mtu mmoja mwanamume na mmoja mwanamke waliofundishwa huduma ya kwanza. Vyama vya Msalaba Mwekundu vya Uganda na Kenya hutoa mafunzo hayo, nasi tunaweza kuomba. La pili, mikoba yote ifunguliwe na kukaguliwa mara mbili kwa mwaka, kabla ya Ramadhani na baada ya Iddi ya kuchinja, kilichopitwa na tarehe kiondolewe na kilichopungua kijazwe.

Gharama si kubwa. Mtu aweza kuanza na parasetamoli, glavu, shashi na tochi, kisha mwezi ujao akaongeza mkasi, na mwezi wa tatu filimbi. Lakini elimu asiiahirishe hata mwezi mmoja. Jirani yako akiangushwa na pikipiki jioni hii pale barabarani, hatakuuliza umenunua nini. Atatazama mikono yako, kama yajua la kufanya.

 Mwenyezi Mungu atulinde sisi na wasafiri wetu.